Rangi ya Kucha Kwenye Skrubu ya Mafuta

Shemeji Rasoa,

Najua ungetaka nianze na pikapu. Marehemu wengine labda wangependa kusikia kwanza nani bado analia na nani ameacha, lakini wewe ungekaa kwenye ukingo wa kiti, akala moja ya tairi mguuni na nyingine mkononi, na kuniambia: "Fika soko, Mwalimu!" Ndivyo ulivyonikatiza miaka yote. Kila nilipoanza kueleza jambo tangu chanzo chake, wewe ulitaka nyanya ziwe zimeshuka garini kabla sijamaliza sentensi. Leo huwezi kunikatiza, na sitakuficha kwamba jambo hilo linanipa raha ya kichokozi. Nitaeleza kwa mpangilio. Soko nitafika, lakini kwa gia yangu.

Kwanza nyumbani. Dada yako Beritah hajambo. Siku za mwanzo aliendelea kukuwekea sahani kila Jumamosi jioni, halafu anaitazama, halafu anairudisha kabatini. Mimi nilijifanya nasoma gazeti. Sasa sahani ile anapakuliwa binti yako Kageha, na lawama zimerudi mezani kama zamani: eti anakula amesimama, eti kila tonge anachungulia dirishani kuona kama kuna watoto wanaopanda gari. "Mama yake mtupu," anasema Beritah, kisha anamwongezea ugali. Tumeanza kucheka tena, shemeji. Sikujua kwamba kicheko kinaweza kurudi huku machozi yakiwa bado sebuleni, vikakaa pamoja bila kugombana.

Nami nina jambo moja. Nikisikia injini ile ikiingia hapa Shauri Moyo, ule mlio wake wa kukohoa kidogo kabla haijazima, nashtuka, halafu nakumbuka, halafu nafurahi. Kila mara kwa mpangilio huo. Labda siku moja nitaanza na furaha moja kwa moja.

Unakumbuka tulivyoipata. Ilikuwa miaka ile magari ya mtumba kutoka Japani yalipoanza kumiminika, na kila mtu sokoni Gikomba akawa bingwa wa magari. Ulikuwa umechoka kukodi magari ya watu kuleta nyanya kutoka Naivasha. Ukaja kwangu, mimi niliyefundisha injini katika chuo cha ufundi mpaka nikaota mvi, ukasema, "Shemeji, nichagulie. Lakini nataka yenye nguvu." Nikakuchagulia pikapu ya dizeli isiyo na turbo, silinda nne, chuma kizito, mwendo wa taratibu kama mahubiri ya kanisani kwetu. Ulipoipandisha mlima wa Mai Mahiu na mzigo kwa mara ya kwanza, ulirudi hukunisalimu. Ulisema tu, "Mwalimu, umenioza kwa mzee."

Hapo ndipo ubishi wetu ulipozaliwa, nami nikaanza darasa. Nitalirudia hapa, maana hukuwahi kulisikiliza ukiwa umekaa.

Nguvu za farasi, nilikuambia, hazituelezi gari linabeba kiasi gani. Zinatueleza kazi inafanywa kwa haraka kiasi gani. Watu wawili wakipandisha debe la maji ghorofani, mmoja taratibu na mwingine mbio, maji yanayofika juu ni yale yale. Yule wa mbio ana nguvu za farasi zaidi, kwa kuwa amefanya kazi ile ile kwa muda mfupi. Lakini katazame magoti yake akizeeka. Dizeli nayo ni hivyo. Ukitaka injini ifanye kazi haraka zaidi, unaipa mafuta zaidi kwa kila mpigo; mafuta zaidi ni moto zaidi; na moto ule lazima upitie pistoni, ringi na silinda hedi kabla haujageuka kuwa mwendo. Waliounda injini huacha akiba ndani yake. Chuma kinaweza kuvumilia zaidi ya kile kinachoombwa kila siku. Akiba hiyo ndiyo kudumu kwenyewe, na nguvu unayoiongeza inachotwa humo humo.

Ulinisikiliza ukipanga vitunguu. Kisha ukasema, "Sawa. Na injini inayodumu miaka ishirini lakini kila siku inafika soko likiwa limeshafagiliwa, inadumu kwa faida ya nani?"

Hilo lilikuwa swali zuri, na nilikuambia hivyo. Nyanya hazingoji. Zinazofika mapema huchaguliwa na wenye mahoteli. Zinazochelewa huishia kwenye mafungu ya mwisho, zikiwa zimeanza kutoa maji. Lakini nami nikauliza, "Na ile inayofika ya kwanza Jumatatu, Jumanne ikavutwa kwa kamba?"

"Jumanne nitakuwa nimeshauza," ukajibu.

Basi kuna ile skrubu. Iko kwenye pampu ya dizeli, ndogo, na nati yake ya kuikaza. Ukiizungusha kuelekea ndani, kila silinda inapata mafuta zaidi. Mafundi wote wa pande zetu wanaijua. Mtu akilalamika gari lake halina nguvu, hawahangaiki kutafuta chanzo. Wanazungusha skrubu, gari linaruka kama mbuzi, mwenyewe anaondoka akitabasamu, na moshi mweusi unamfunika anayemfuata. Nilikueleza kwamba moshi mweusi si nguvu. Ni dizeli iliyokosa hewa ya kuungua nayo. Na huko juu Limuru hewa ni nyepesi kuliko ya bondeni, kwa hiyo kadiri unavyopanda ndivyo skrubu ile inavyokupa masizi mengi na nguvu haba. Ulinijibu kwamba hewa ya Limuru unaijua, umeivuta zaidi yangu.

Kisha ukaenda kwa Fundi Swaleh wa Majengo, akakufungulia. Niligundua siku ya pili kwa kuona ukuta wa jirani umejaa masizi. Nikairudisha skrubu mahali pake, nikachukua ile chupa ya rangi ya kucha uliyokuwa ukiiacha kwenye dashibodi, nyekundu ya kung'aa, nikapaka juu ya nati na skrubu pamoja. Atakayeigusa ataivunja rangi, nami nitajua. Ulikuja ukasimama mikono kiunoni. "Umelitia gari langu hina bila kuniuliza!"

Tangu hapo, kila Jumapili baada ya kanisa nilifungua boneti nikatazama. Rangi nzima. Jumapili nyingine, nzima. Wewe ukapunguza malalamiko kuhusu mlima, nami nikamwambia Beritah kwamba hayo ndiyo matunda ya kumwelimisha mtu kwa subira. Beritah akakohoa. Sikumuuliza kwa nini.

Sasa twende Vihiga. Ulipolala, tulikupeleka nyumbani, na baada ya mazishi tukakaa kikao, siku wafiwa wanaponyolewa, kama ilivyo desturi, ili mambo yako yatajwe mbele ya watu na kila mtu asikie. Kaka yako Manasse ndiye aliyeongoza. Unamjua: suti ya sufu hata jua likiwaka, na sauti ya mtu anayesoma matangazo. Alisema nyumba yako ya kijijini ni ya Kageha, hakuna aliyepinga. Kisha akasema pikapu iuzwe.

"Gari ni zee," akasema. "Limeendeshwa na mtu asiyejua neno polepole. Na msichana huyu hawezi Mai Mahiu. Likichemka kule katikati na mzigo mgongoni, likirudi nyuma, tutapoteza gari na mtoto."

Hakusema kwa ubaya. Alikuwa ametoka kumzika dada, na aliona mlima ule kama mdomo ulio wazi. Lakini mimi nilikuwa namtazama Kageha. Amekulia juu ya kreti za nyanya. Kazi yake ni gari lile, wateja wake ni waliokuwa wako, na hana kitu kingine chenye harufu yako isipokuwa kebini ile. Gari likienda, anabaki na nyumba ya kijijini asikoishi na mji asio na la kufanya ndani yake.

Akasimama. Alikuwa amevaa akala zako, zile za Kariokor zilizoliwa kisigino cha kulia kwa kukanyaga pedali ya mafuta.

"Anko," akasema, "mimi siombi mnipe gari. Naomba mnipe mlima. Twende na wewe, ukae mbele, mzigo full. Ikichemka kabla ya kufika juu, uiuze hapo hapo, mimi nitapanda basi nirudi."

Watu wakacheka, wazee wakagonga bakora chini, na Manasse akajikuta amekubali mbele ya ukoo mzima. Mimi nikawekwa kuwa shahidi, kwa kuwa najua injini. Sikulala vizuri tangu siku hiyo, na hapo sikuwa nimeombwa kuendesha.

Kabla ya safari tukaipeleka kwa Fundi Swaleh. Nikatoa maoni yangu: tusafishe rejeta ya kupoza maji, tubadilishe oili, tukague mkanda wa feni, na skrubu ibaki ilivyo. Kageha akatikisa kichwa.

"Baba Mkubwa, ikiwa hivi haipandi na mzigo full. Mama alikuwa anaifungua."

Nikamwambia kwa upole kwamba mama yake hakuwa akiifungua. Aliacha zamani. Rangi ni shahidi.

Swaleh akaanza kufuta mikono ambayo tayari ilikuwa safi.

"Mwalimu," akasema, "samahani. Hiyo rangi umezoea kuitazama ukiwa umesimama. Leo hebu inama."

Nikainama. Akachukua wembe, akakwangua pembeni taratibu, kama mtu anayemenya yai. Shemeji! Chini ya nyekundu kulikuwa na nyekundu nyingine. Chini yake nyekundu iliyoelekea maruni, chini yake ya machungwa kidogo, chini yake tena na tena, ganda nene kama ukucha wenyewe. Miaka yako yote ya barabarani ilikuwa imelala pale, koti juu ya koti.

Kageha akaeleza huku akizuia kucheka. "Akifika Mai Mahiu, kabla ya kuanza kupanda, anafungua robo. Akifika juu anasimama kununua mahindi, anarudisha, anapaka. Spana ilikuwa kwa kibeti, pamoja na chupa. Alikuwa anasema, Mwalimu ameniwekea mlinzi, na mlinzi anapenda kupambwa."

"Na Beritah anajua?" nikauliza.

"Mama Mkubwa ndiye alikuwa ananunua rangi."

Nilicheka mpaka Swaleh akaniletea kigoda. Nilicheka, na katikati ya kicheko nikajikuta nalia, na sikuona haya, kwa sababu ilikuwa mara ya kwanza tangu tukuzike niliposikia unanijibu.

Halafu, kwa kuwa mimi ni mimi, nikaanza kufikiri. Ulifungua, ndiyo. Lakini ulirudisha. Hakuna aliyekulazimisha kurudisha! Ungeweza kuiacha wazi moja kwa moja na kupaka rangi juu yake, na mimi pale nimesimama na Biblia yangu kwapani nisingejua tofauti. Hukufanya hivyo. Ulichota akiba kwa ajili ya mlima, na kwenye tambarare ukaiachia injini ipumue. Kila safari ulisimama kwenye baridi ile, ukachafua vidole, ukarudisha. Kumbe darasa langu ulilisikia lote, shemeji, hata zile sehemu ulizonikatiza. Nami niliyekuwa nikisema usiguse kabisa, sikuwa nimewahi kukaa kwenye mlima ule na nyanya mgongoni na jua likishuka. Kati ya usiguse kwangu na fungua kwa Swaleh, wewe ulikuwa umejitafutia mahali pako pa kusimama.

Swaleh akapima mgandamizo wa silinda zote. Tatu zilikuwa imara. Ile ya nyuma kabisa, ambayo maji ya kupoza huifikia yakiwa yamekwishapata joto, imechoka kuliko wenzake. Hiyo ndiyo bei ya mlima, na hata wewe uliilipa. Nikasema tupunguze robo. Kageha akasema robo ni ya mama. Tukashindana hapo kwa Swaleh mpaka chai ikapoa, naye Swaleh akisema tu, "Mwalimu, huyu umeshamjua ni nani, mbona unajisumbua?" Mwishowe tukapatana: nusu ya ile uliyokuwa ukifungua wewe, kwa heshima ya silinda ya nyuma.

"Hapo sawa," akasema binti yako, na akanipa mkono kama mfanyabiashara.

Siku ya safari, Manasse alikuja na suti ya sufu, fulana ya ndani, kizibao, tai na kofia. Tulikaa watatu mbele: Kageha kwenye usukani, Manasse dirishani, na mimi katikati, kijiti cha gia kikiwa kati ya magoti yangu. Kila alipotaka gia ya pili ilibidi nifungue goti kama mlango. Nyuma, kreti zilikuwa zimepangwa na kufungwa kwa kamba, nyanya zimejaa hadi juu. Hakuna aliyedanganya kuhusu mzigo.

Pale Mai Mahiu akasimamisha gari, akatoa kibeti chako, akafungua boneti. Manasse akanyoosha shingo. "Anafanya nini?"

"Anasali," nikamwambia.

Tukaanza kupanda. Shemeji, anaendesha vizuri. Hangoji injini ikabwe ndipo ashuke gia. Anashuka mapema, ikiwa bado inazunguka kwa uhuru. Watu wengi hudhani kuilazimisha injini kwenye gia ya juu ni kuihurumia, kwa kuwa haipigi kelele. Ni kinyume. Ikizunguka polepole chini ya mzigo mzito, pampu ya maji na feni nazo zinazunguka polepole, na joto linakosa pa kutokea. Nilitaka kumweleza Manasse hayo, lakini alikuwa anahesabu kona kwa midomo. Nikachungulia kioo cha pembeni. Moshi ulikuwa wa kijivu chepesi. Tukalipita lile kanisa dogo la kando ya barabara, nami nikaanza kujiona mtu mwenye bahati.

Ndipo lori lililokuwa mbele yetu likasimama. Limekosa gia, likakaa pale linapumua, na upande wa pili magari yanashuka mfululizo. Tukasimama nasi kwenye mwinuko mkali kabisa. Upepo wa mwendo ukakatika. Lilipoondoka, tukaanza upya kwa gia ya kwanza, injini ikinguruma na mzigo wote ukituvuta kurudi bondeni. Mshale wa joto ukaanza kupanda.

"Mwalimu, mshale," akasema Manasse.

"Nimeuona."

"Unaelekea kwenye nyekundu."

"Nimeuona, Manasse."

Akavua kofia, akaiweka magotini kama mtu anayengoja baraka. Mshale ukafika karibu na ile alama ambayo sitaki kuitaja. Nilisikia mapigo ya moyo wangu kwenye kijiti cha gia. Nilikuwa najua la kufanya, na nikauma ulimi, maana mlima ule haukuwa wangu. Kama ningemwambia, Manasse angesema ni Mwalimu aliyepanda.

Kageha akanyoosha mkono, akafungua hita ya kebini. Yote. Na feni yake hadi mwisho.

Unakumbuka Jumapili niliyokufundisha hilo? Nilikuambia hita ni rejeta ndogo ya pili iliyofichwa chini ya dashibodi. Ukiifungua, unaiondolea injini joto na kulichukua wewe mwenyewe. Ulinitazama ukasema, "Shemeji, sasa umeamua kunipika ndani ya gari langu?" Nikadhani umelipuuza. Kumbe ulilihifadhi, ukamrithisha mtoto.

Hewa ya moto ikatoka kama mlango wa tanuri, moja kwa moja kwenye magoti ya kaka yako.

"Funga hiyo!" akapiga kelele. "Tunachemka sisi!"

"Afadhali sisi, Anko," akasema Kageha, macho yake barabarani.

Nilicheka kwa ndani mpaka mbavu zikauma. Manasse akavua koti. Kona moja baadaye kikafuata kizibao, kisha tai, na vyote akavikumbatia kifuani kama mtoto mchanga. Jasho lilimtiririka puani. Mshale ukasimama. Ukakaa pale kama unaofikiria. Halafu, taratibu sana, ukashuka kwa upana wa punje ya mchele, kisha punje nyingine. Sikuthubutu kupumua kwa sauti, nisije nikaushtua.

Tukafika juu.

Kageha akaegesha penye wauza mahindi ya kuchoma. Baridi ya Limuru unaijua. Manasse akashuka, shati limemgandama mwilini, na mvuke ukaanza kupanda kutoka mabegani mwake. Hakuna kitu kingine kilichotoa mvuke siku hiyo. Boneti ilikuwa kavu. Mama mmoja mwenye jiko la mahindi akamtazama juu hadi chini akauliza, "Mzee, wamekutoa kwa sufuria?" Wote wakaangua kicheko, na yeye, shemeji, yeye Manasse, akacheka pia. Akatununulia mahindi. Akamega punje kadhaa, akatafuna, akalitazama gari.

"Likae na mtoto," akasema.

Halafu akauliza kwa sauti ndogo ambayo sijawahi kuisikia kwake. "Rasoa alikuwa anakaa kwenye joto hilo?"

"Likianza kupanda moto, ndiyo," akasema Kageha. "Anaimba na anajipepea na sahani."

Manasse akageuka upande wa bonde, akajifuta uso kwa tai. Sikutazama kama ni jasho tupu.

Kageha akafungua boneti. Akarudisha skrubu, akakaza nati, akatoa kwenye kibeti chako chupa ya rangi. Haikuwa nyekundu. Ilikuwa ya zambarau.

"Nyekundu ni ya mama," akasema. Akapaka koti moja jembamba, akapuliza likauke, kisha akaniita. "Baba Mkubwa, njoo ukague."

Nikaja nikakagua. Nikiwa nimesimama, kama zamani. Nikasema rangi ni nzima.

Tulipoingia Gikomba, wale wenzako wa meza za nyanya walitambua mlio kabla ya kuona gari. Mmoja akapiga kigelegele, kisha akajifunika mdomo, kisha akaona ni nani aliye kwenye usukani, akapiga tena kwa nguvu zaidi. Kageha akapiga honi. Manasse, kofia ikiwa imerudi kichwani, akawapungia mkono kama mgeni rasmi.

Mengine ni madogo. Mvua kubwa zile za El Nino zilizokuchimbia barabara, mashimo yake mengine bado hayajazibwa, na Kageha anayajua kwa majina uliyoyapa. Yule jirani yako wa soko mwenye pikapu ya turbo, aliyekuwa akikupita na kukupigia honi, amepasua silinda hedi. Kageha alimbebea nyanya zake bila kumcheka, nami nikacheka kwa niaba yako. Vijana wanasema ukifika mwaka elfu mbili mashine zote duniani zitazima kwa sababu ya kompyuta. Nimewaambia pikapu yetu haina kompyuta. Ina skrubu.

Basi, shemeji, ahadi zangu. Silinda ile ya nyuma Swaleh ataishughulikia kabla ya masika, nami nitakaa kwenye kigoda nimsimamie mpaka anichoke. Kila Jumapili baada ya kanisa nitafungua boneti. Nitatazama rangi. Sitainama, sitakwangua, sitauliza. Na zambarau ikiisha, Beritah asisumbuke tena kwenda kununua kwa siri. Nimeshaona duka linaloiuza. Chupa ijayo naleta mimi.

Jumamosi iliyopita nilimkalisha binti yako mezani nimweleze vizuri, tangu mwanzo, uhusiano wa nguvu na kudumu. Nilikuwa nimefika kwenye debe la maji. Akanyanyuka na sahani mkononi, akachungulia dirishani, akasema, "Baba Mkubwa, fika soko!"

Beritah akaacha kijiko. Tukatazamana. Kisha tukacheka, sote watatu, mpaka jirani akagonga ukuta.

Nimefika, shemeji. Nyanya zimeshuka, gari limezimwa, linapoa hapo nje. Pumzika.

Wako,
Mwalimu